Nilipolinda Mtumbwi

Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho alishikwa na mafua. Nikachemsha majani ya mkaratusi, nikamfunika kitenge kichwani ili avute mvuke. Harufu ile ilipopanda, nilijikuta nimesimama katikati ya jiko, mkono wangu wa kulia nimeukunja nyuma ya mgongo kama mtu anayeficha kitu. Mume wangu aliniuliza nina nini, nikamjibu kwamba mgongo unaniuma. Si mara ya kwanza kumdanganya kwa jambo hilo. Kulieleza kunanilazimu nianzie mbali, kwenye miti ya Paki, siku niliyowashuku watu wote wa kwetu, kasoro mmoja tu.

Ninyi wenzangu mliokulia Kasongo mnapakumbuka Paki. Zamani wazungu wa shamba moja waliziba kijito kwa udongo na mawe, pakawa ziwa dogo, wakapanda mikaratusi kuzunguka maji kwa mistari iliyonyooka. Walipoondoka, pakamezwa na majani, hadi mwalimu mmoja mstaafu alipoamua kupafyeka. Sisi sote tulimwita Mwalimu tu. Alichonga vijia, akapigilia mbao zenye mishale, akatafuta mtumbwi na kuuwekea vibao viwili vya kukalia. Mwanzoni watu walimcheka sana. Njia isiyofika shambani wala kisimani ni njia ya nini? Lakini sikukuu na Jumapili zilipofika, waliomcheka walikwenda wakiwa wamevaa nguo za kutokea, wakalizunguka ziwa, wakarudi palepale walipoanzia na kusema wamepumzika.

Sisi hatukuwahi kwenda. Baba alikuwa muuza vitambaa sokoni, mtu wa duka, msikiti na nyumbani. Kwetu mtu aliyeonekana anatembea alipewa mzigo. Kwa hiyo Ijumaa ile, baada ya sala ya alasiri, Baba aliposema kwamba kesho mimi na mdogo wangu Feza tutakwenda naye Paki kutembea pamoja na Shangazi, niliweka chini ungo wa mchele na kumtazama usoni. Hakunitazama. Alikuwa anavua viatu polepole mno kwa mtu mwenye viatu visivyo na kamba.

Shangazi Mwavita alikuwa dada mkubwa wa Baba. Alifika siku tatu kabla, kwa pikipiki kutoka Wamaza, na gunia la karanga na kuku mmoja mwenye hasira. Alikuwa ameolewa mara mbili, na mara zote mbili akarudi bila mtoto. Hakuwa msemaji. Alikaa kwenye kiti cha kamba uani akitutazama tunavyokula, tunavyogombana, tunavyochota maji. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Feza mitano, na mdogo wetu wa kiume alikuwa bado ananyonya. Nilipogeuka nilikuta macho ya Shangazi yako kwangu, na nilipogeuka tena yako palepale. Nilimchukia kwa sababu hiyo tu, na nasema wazi kwamba sikuwa na sababu nyingine.

Lazima nieleze desturi moja ya ukoo wa Baba, ambayo wakati ule niliijua nusu. Mwanamke asiye na mtoto anaweza kumwomba kaka yake mtoto mmoja, na haonekani kuwa ameomba kitu cha ajabu. Ila mtoto hakabidhiwi kama kuku. Anatolewa matembezi mahali ambapo si kwao wala si kwa shangazi yake, na mama yake anabaki nyumbani ili macho yake yasimvute. Watoto hawaambiwi kitu. Shangazi anatembea nao mkono ukiwa wazi, haunyooshi wala hamwiti mtu. Mtoto atakayeushika mwenyewe na kuendelea kuushika hadi matembezi yaishe, ndiye atakwenda naye. Asipopatikana, shangazi anarudi peke yake na haombi tena katika nyumba ile. Ni desturi ya upole kwa namna yake. Huyo mtoto anachagua, lakini hajui anachagua nini.

Nusu niliyoijua ni kwamba mmoja wetu ataondoka. Nilimsikia Baba nyuma ya ukuta akimwambia Mama: "Mumoja atakwenda naye Wamaza. Dada yangu hawezi kuzeeka peke yake." Mama hakujibu, au alijibu kwa sauti ambayo sikuisikia. Namna mtu anavyochukuliwa sikuijua, na hapo nikatumia akili yangu mwenyewe. Ng'ambo ya lile ziwa, miti inapoishia, kijia kinatokea kwenye barabara ya Kabambare, na pikipiki za Wamaza hupita hapo. Na Paki kuna mtumbwi. Kwangu mambo yakawa wazi kabisa: atakayepanda mtumbwi atavushwa ng'ambo, atapakizwa kwenye pikipiki, na kwisha habari yake. Nikaapa kwamba mimi mtumbwi ule sitaukanyaga.

Jioni Mama alinisuka. Nilimwuliza kwa nini yeye haendi nasi, akasema mtoto ana homa. Nilimgusa mtoto shingoni, alikuwa wa kawaida kabisa, nikaamua kwamba ni Baba aliyemkataza. Mama alinisuka kwa nguvu kuliko siku zote, kichwa kikawaka moto. Kisha akaniambia, bila kuacha kusuka: "Kule kuko utelezi. Wewe ni mukubwa, usishike mukono ya mutu. Mutu akianguka atakuangusha." Nilifurahi kuitwa mkubwa. Baadaye, alipokuwa anamwogesha Feza, nilimsikia akimwambia kwamba yeye ni mdogo, kwa hiyo akifika kule amshike Shangazi mkono na asiuache mpaka watakaporudi nyumbani. Feza aliuliza kama Paki kuna mamba. Mama akasema hakuna, lakini amshike tu.

Asubuhi tuliondoka, Baba akisukuma baiskeli. Mbele alifunga beseni lenye mikate ya mchele na kuku wa kukaanga, nyuma kwenye kareja akamkalisha Feza. Nilimhesabia Baba makosa njia nzima. Baba hakuwahi kufunga duka Jumamosi, leo amelifunga. Baba hapendi kuimba, leo anaimba puani. Na yule kuku aliyekaangwa alikuwa ndiye yule mwenye hasira kutoka Wamaza, kwa hiyo hata chakula kilikuwa cha upande wao.

Mwalimu alitupokea kwenye lango la mianzi, amevaa tai juu ya shati lisilo na kola. Alitusomea sheria zake kwa Kifaransa, kisha akazirudia kwa Kiswahili akimtazama Shangazi: tusiteme mate majini, tusivunje matawi, na tutembee maji yakiwa mkono wa kushoto daima. Nilimshuku papo hapo. Kwa nini kushoto? Nikaona tu kwamba mshale wa kwanza unaelekea mahali mtumbwi ulipofungwa, nikajua naye amekwisha kuambiwa. Nilianza kuvunja vijiti kimyakimya na kuvidondosha nyuma yangu, ili nikitoroka nisipotee.

Sijawahi kuona msitu kama ule. Misitu niliyoijua ina giza chini, ina matunda, ina siafu, na mtu akiwa hatua kumi mbele humwoni. Huu ulikuwa mtupu na safi kama ua uliofagiliwa. Miti ilisimama kwa mistari, magome yake yakining'inia vipande virefu, na uliweza kuwaona watu walio mbali sana wakitembea bila kusikia wanachosema. Hapakuwa na kitu cha kuokota wala cha kula. Kulinuka dawa, na kulikuwa na ubaridi hata saa nne ya asubuhi. Niliwaza kwamba mahali ambapo mtu hawezi kujificha nyuma ya kichaka ni mahali palipotengenezwa kwa kusudi.

Kwenye kona ya kwanza Feza aliteremka kwenye baiskeli na kumshika Shangazi mkono. Baba aliitazama ile mikono, akageuka haraka na kukohoa. Nilikisikia kikohozi kile, nisikielewe, nikakipuuza. Niliona ni vizuri Feza awe na mtu wa kumshika, ili mimi nibaki huru kuulinda mtumbwi.

Lakini Shangazi hakuniacha. Alipunguza mwendo hadi akawa sambamba nami, Feza upande mmoja, na mkono wake mwingine mtupu ukining'inia karibu na wangu. Nikauweka wangu nyuma ya mgongo. Akatangulia, kisha akapunguza mwendo tena, nami nikafanya vilevile. Mara ya tatu ilikuwa kwenye gogo lililolazwa juu ya kijito kinachoingia ziwani. Mguu wangu uliteleza, na mkono wake ulikuwa pale, umefunguka, karibu kabisa. Nilikumbuka neno la Mama. Nikaukwepa ule mkono, nikaangukia majini hadi magotini, gauni langu jipya likajaa tope. Shangazi alinitazama kwa muda, kisha akasema taratibu: "Wewe mutoto, nani amekuogopesha hivi?" Nilijua ni swali la mtego.

Tulifika kwenye mtumbwi. Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa na kafi lake, na Baba akaniambia nipande. Nilikumbatia mkaratusi kwa mikono na miguu. Baba aliona haya mbele ya mgeni, akaniamuru mara ya pili kwa sauti ya dukani. Ndipo nikasema yote: "Sipande. Munataka kunipeleka Wamaza."

Baba na Shangazi walitazamana, na katika kutazamana kule nikapata uthibitisho wote niliouhitaji. Baba alichuchumaa karibu nami. "Hii pirogi haiendi Wamaza," akasema. "Inazunguka tu, inarudi hapa. Wallahi." Baba hakuwa mtu wa kuapa ovyo, na hilo nalo likanitia shaka zaidi. Mwishowe Shangazi akasema niachwe. Alipanda yeye na Feza, mkono kwa mkono, na mtumbwi ukasukumwa.

Hapo tu ndipo nilipoelewa kwamba nimemponza mdogo wangu. Niliuachia mti, nikakimbia. Nilikimbia kwenye kijia cha Mwalimu maji yakiwa kulia, kinyume cha sheria, nikipita shina moja baada ya jingine bila kuuondolea macho mtumbwi. Ulikwenda moja kwa moja hadi karibu na ng'ambo, pale kijia kinapotokea barabarani. Nilisikia pikipiki inapita nyuma ya miti. Nikapiga kelele nikimwita Feza hadi sauti ikakauka. Yeye akanipungia mkono mmoja, anacheka.

Kisha mtumbwi ukageuka. Ulirudi polepole, Mwalimu akieleza kitu kuhusu samaki, na niliporudi nilikotoka nikihema nilimkuta Feza anashuka mzimamzima, gauni lake kavu. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena maishani. Baba alikuwa amesema kweli. Niliwaomba radhi wote moyoni mwangu, nikala mikate minne na paja la kuku, nikamwomba hata Mwalimu anionyeshe namna ya kushika kafi. Tuliporudi nilimbebea Shangazi viatu vyake. Feza alitembea kando yake njia nzima, alikataa kupanda baiskeli, na mkono hakuuachia.

Mvua ilianza tulipokaribia mjini. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama mikono ya Feza na Shangazi kwanza, kisha akanitazama mimi, kisha akanivuta na kunikumbatia kwa nguvu hadi nikaona uchungu mbavuni. Niliona ametukumbuka sana. Mvua ilinyesha alasiri yote hadi usiku.

Kesho yake asubuhi pikipiki ilikuja, na Shangazi akatoka na mzigo wake. Mama akatoka na mfuko mdogo akampa. Ulikuwa wazi juu, nikaona magauni mengine ya Feza, yote matatu, yamekunjwa, na sweta langu la buluu ambalo Feza alikuwa akililia kila siku. Feza alikalishwa kati ya dereva na Shangazi, anang'aa kwa furaha ya kupanda pikipiki. Akaniuliza: "Dada, wewe haukuje?" Nikamwambia ashuke. Nilimwambia mara nyingi. Baba alinishika mabegani, na Feza, kwa kunituliza, akasema atarudi na karanga.

Alirudi wakati wa Idi, akiwa amenenepa, akimwita Shangazi mama na mama yetu akimwita Mama wa Kasongo. Alikuwa amekwisha kujifunza Kibangubangu, na akikasirika alikitumia kututukana bila sisi kujua. Shangazi alimlea vizuri, lazima niliseme hilo kwa haki. Alimsomesha hadi mwisho, akamwoza kwa heshima, na alipofariki ni Feza aliyemfumba macho. Leo Feza ni mwalimu Wamaza na ana watoto watatu. Mtu wa nje atauliza kilio ni cha nini. Mimi kwa miaka mingi nililia kwa kuwa niliamini kwamba kosa ni langu. Nililinda mtumbwi wakati jambo lenyewe lilikuwa linatendeka kwenye mkono, mbele ya macho yangu.

Baba alipofariki, Mama alihamia kwangu. Mwaka niliojifungua binti yangu wa pili mvua zilikuwa nyingi, na siku moja tulikuwa tumekaa tunakunja nguo za mtoto zilizokataa kukauka. Nilishika kijigauni chenye unyevu, na kitu kikanigonga kichwani. Magauni ya Feza, asubuhi ile, yalikuwa makavu. Yalikuwa yamefuliwa na kukunjwa kwa pembe nne. Mvua ilikuwa imenyesha tangu turudi Paki.

"Mama," nikamwuliza, "zile nguo zilikauka lini?"

Hakuuliza nguo zipi. Alimaliza kukunja aliyokuwa ameishika, akaiweka juu ya nyingine. "Nilizifua Ijumaa," akasema.

Ijumaa ndiyo siku aliyonisuka, kabla mtu yeyote hajashika mkono. Sikumwuliza zaidi, lakini naona alikuwa amengoja miaka yote mtu amfungulie njia ya kusema. Aliniambia kwamba Baba alisema mmoja lazima aende na yeye hakuweza kukataa, na kwamba Shangazi alinitaka mimi tangu siku ya kwanza. "Na wewe ndiye nilikuwa nasema naye mu ile nyumba," akasema. "Baba yako alikuwa mutu wa duka. Kama ungekwenda wewe, ningebaki na nani? Nilikujua. Wewe neno moja linakutosha, unaogopa mwaka muzima."

"Na Feza?"

"Feza alikuwa anaweza kupenda kila mutu." Alilisema kama mtu anayemsifu mtoto wake. Kisha akalisikia neno lenyewe, akajifunika uso kwa ile nguo.

Nilikasirika, sitaficha. Kisha nikatambua kwamba nimekasirika nikiwa nimekaa nyumbani kwangu na mama yangu kando yangu, kitu ambacho Feza hakukipata, nikakosa pa kuipeleka ile hasira. Hatujalizungumza tena. Feza sijamwambia.

Feza hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Huwasalimia watoto wangu mmojammoja kwa majina, kisha huuliza habari za Mama: anakula, magoti yanamwuma bado, anatoka nje asubuhi kuota jua? Mama huwa ameketi palepale na husikia kila neno. Namnyooshea simu, anatikisa kichwa. Basi namwambia Feza kwamba Mama amelala, ila kabla ya kulala ameniagiza nimpe salamu nyingi. Ijumaa iliyopita alizipokea salamu zile, lakini hakuaga.

"Dada," akasema, "Mama analala sana siku ya Ijumaa."

Nikamwambia ni uzee.